Ufunguo Ukibaki Ndani ya Gari: Kinachoufunga Mlango na Kinachoufungua

Jumamosi moja ya Januari, saa sita mchana, dada yangu alinunua sufuria kubwa ya alumini pale sokoni Kongowea, Mombasa, kwa ajili ya pilau ya harusi ya bintiye. Tuliibeba wawili hadi garini, tukailaza katika buti, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa vifurushi vya bizari na iliki, akavitia vifurushi pamoja na mkoba wake ndani ya sufuria, akaifunika kwa mfuniko wake mzito ili viungo visimwagike njiani, kisha akaishusha buti. Milango minne ya pembeni ilikuwa imefungwa tangu tulipoegesha. Ufunguo ulikuwa mkobani. Gari halikulia wala kuonya, na buti haikukubali kufunguka tena.

Mambo kama haya huitwa usahaulifu, na mwenye gari huondoka na aibu ambayo, kwa maoni yangu, mara nyingi haimstahili. Mlango wa gari la leo hufungwa na kufunguliwa kwa mazungumzo baina ya vifaa viwili, na asiyeelezwa jinsi mazungumzo hayo yanavyokwenda hana namna ya kujua yamekatika wapi. Muuzaji anapokukabidhi gari hukuonyesha redio, kiyoyozi na kamera ya nyuma. Ni wachache wanaomweleza mnunuzi ni wakati gani gari lake litajifunga lenyewe.

Gari la dada yangu ni miongoni mwa magari yaliyotumika Japani kisha yakaletwa kupitia bandari ya Kilindini. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8, na kwa sababu hiyo mengi yanayoshushwa bandarini siku hizi ni ya kizazi cha ufunguo janja, yaani ule unaokaa mfukoni au mkobani bila kutiwa mahali popote. Mwenye gari anaposhika kishikio cha mlango, au anapobonyeza kitufe kidogo kilicho juu yake, antena zilizofichwa milangoni, katika buti na katikati ya viti hutoa wimbi la redio la masafa ya chini, kilohezi 125 hadi 134 hivi, ambalo halifiki mbali zaidi ya hatua moja au mbili kutoka garini. Ufunguo ulio ndani ya eneo hilo huamka, hukokotoa jibu la siri, na kulirudisha kwa masafa ya juu zaidi: megahezi 312 hadi 315 kwa magari mengi ya soko la Japani, na megahezi 433 kwa magari mengi ya Ulaya. Kompyuta ya gari ikilitambua jibu hilo, loki huachia. Yote haya hutokea kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho.

Kwa kuwa antena ni kadhaa na kila moja ina eneo lake, kompyuta inaweza pia kubaini kama ufunguo uko nje au ndani, na ukiwa ndani hukataa kuifunga milango, au hulia mpaka mwenyewe ashtuke. Kinga hii ndiyo inayowafanya watu wengi waamini kwamba gari la ufunguo janja haliwezi kumfungia mtu ufunguo ndani. Kinga yenyewe ina sharti: lazima gari liusikie ufunguo ukijibu. Sufuria ya alumini iliyofunikwa ni ganda la chuma pande zote, na mawimbi ya redio hayapenyi ganda la namna hiyo. Kwa hesabu ya gari, ufunguo wa dada yangu haukuwa ndani wala nje, haukuwapo kabisa. Mkebe wa biskuti au sanduku la vifaa vya fundi huweza kuleta matokeo yaleyale, na simu iliyolalia juu ya ufunguo huweza kuyavuruga mawasiliano. Betri ya ufunguo ikichoka, ile ya volti 3 iliyo bapa kama sarafu, jibu huwa hafifu mno hata kama hakuna kilichoufunika. Ufunguo uliokuwa ukifungua mlango mara ya kwanza, kisha ukaanza kuhitaji kusogezwa karibu au kubonyezwa mara mbili tatu, unatangaza kwamba siku moja gari litashindwa kuuona ukiwa juu ya kiti.

Rimoti ya kawaida, ile yenye vitufe ambayo bado hutegemea ufunguo wa chuma kuwasha injini, ina tabia yake. Ukibonyeza kitufe cha kufungua kisha ukakawia, baada ya nusu dakika hivi, au dakika nzima kwa baadhi ya magari, milango hujifunga tena yenyewe. Watengenezaji walifanya hivyo kwa nia njema, ili gari lisibaki wazi usiku kucha kwa sababu kitufe kilibanwa mfukoni. Kufungua mlango mmojawapo husimamisha hesabu hiyo, lakini katika baadhi ya magari kufungua buti peke yake hakuhesabiwi. Mtu hubonyeza rimoti, hufungua buti, huweka ufunguo juu ya zulia ili apange mizigo kwa mikono miwili, na anapomaliza kupanga milango imekwisha kujifunga. Akiishusha buti, kazi imekamilika.

Magari ya zamani zaidi, ambayo bado ni mengi katika foleni ya feri ya Likoni, yana hekima ambayo naisikitikia kwa kuwa inapotea. Katika mengi ya magari hayo ya Kijapani, ukikishusha kipini cha loki cha mlango wa dereva kisha ukaubamiza mlango, kipini huruka juu chenyewe na mlango hubaki wazi. Ili ufungike bila ufunguo, ni lazima ukiinue kishikio cha nje na kukishikilia huku ukiusukuma. Aliyeuunda mlango huo alitaka mkono ulazimike kufanya tendo la makusudi, ili mtu apate nafasi ya kujiuliza ufunguo uko wapi. Tatizo ni kwamba mkono huzoea. Dereva aliyeinua kishikio kila siku kwa miaka kumi hukiinua pia siku anapotoka garini injini ikinguruma ili atazame foleni ya feri imefika wapi, na hapo gari hubaki likiunguza mafuta huku mwenyewe akiwa nje na feri ikikaribia gati.

Penye gari lililofungwa hapakosi waya wa hanga. Kule Kongowea ulitokea kabla hatujauomba, tayari umenyooshwa na kutiwa kulabu kwenye ncha. Sina shaka na nia njema ya waliokuja kutusaidia, lakini waya huo ni dawa ya ugonjwa wa zamani. Mlango wa gari la miaka ya themanini ulikuwa na fito nyembamba za chuma zilizounganisha kipini cha loki na kitasa, zikiwa wazi ndani ya uvungu wa mlango, na kulabu iliyopita kati ya kioo na raba iliweza kuinasa fito mojawapo na kuivuta. Katika mlango wa leo fito hizo mara nyingi zimebadilishwa kuwa kebo zilizovishwa ala, kama zile za breki za baiskeli, na kitasa chenyewe kimezungushiwa kingio la plastiki kwa makusudi ya kuizuia kulabu isikifikie. Kilichojaa uvunguni humo ni nyaya: za mota ya kioo, za kioo cha pembeni, za spika, za sentro-loki, yaani mfumo unaofunga milango yote kwa pamoja, na katika baadhi ya magari kihisi cha mgongano ambacho huiarifu kompyuta inayoamuru eabegi za pembeni zifumuke. Anayepapasa humo kwa waya hapapasi tena fito, anachokonoa nyaya. Kijana aliyetusaidia aliuzungusha waya wake dakika chache tu, na kwa muda wa wiki mbili baada ya siku ile kioo cha kushoto kilikuwa kikishuka nusu na kukwama, hadi fundi wa umeme alipoubandua mlango kwa ndani na kuungia waya uliochubuka.

Nitaje kwa ufupi jambo jingine ambalo husambazwa sana kwenye simu, kwamba mtu aliye nyumbani na rimoti ya akiba anaweza kuibonyeza karibu na simu na mlango ukafunguka upande wa pili. Simu hubeba sauti. Rimoti hutoa wimbi la redio, na kile unachokisikia unapoibonyeza ni kitufe tu. Aliye nyumbani na apande tuktuk ailete.

Kabla ya kumwita fundi, inafaa kujaribu milango yote pamoja na buti, kwa utulivu, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu sentro-loki iliyozeeka huacha mlango mmoja bila kuufunga mara nyingi kuliko tunavyodhani. Baada ya hapo, subira ya nusu saa ya kumngoja fundi wa funguo ni rahisi kuliko gharama ya raba na rangi.

Aliyetufikia sisi alikuja kwa pikipiki, na kazi yake ilikuwa nzuri kutazama. Aliipangusa kwanza pembe ya juu ya mlango wa abiria kwa kitambaa, akisema kwamba mchanga ndio unaokwaruza rangi kuliko chombo chenyewe. Akakipenyeza kipande cha plastiki laini chenye umbo la kabari baina ya fremu ya mlango na nguzo ya gari, na katika mwanya huo usiozidi unene wa kidole akatia kibofu bapa cha mpira kilichounganishwa na pampu ya mkononi, ile inayofanana na ya daktari anapopima presha. Akapuliza polepole, akasimama, akatazama fremu, akapuliza tena. Aliponiona nashangaa ukawiaji wake alinieleza kwamba fremu ikisukumwa kupita kiasi hairudi mahali pake, na mwenye gari huja kugundua mvua za masika zinapoanza kuingia ndani, au anaposikia upepo ukipiga mluzi juu ya Daraja la Nyali. Mwanya ulipotosha aliingiza ufito mrefu wenye ncha ya mpira, akaupeleka kwa macho kupitia kioo hadi kwenye kitufe cha loki kilicho juu ya mkono wa mlango wa dereva, na akabonyeza. King'ora cha gari kikalia, kama inavyotarajiwa mlango unapofunguliwa bila ufunguo kutambuliwa, na hakikunyamaza mpaka dada yangu alipoifungua buti na kuuinua mfuniko wa sufuria. Alibonyeza kitufe cha ufunguo na gari likanyamaza papo hapo.

Njia hiyo haifanyi kazi kwa kila gari. Baadhi ya magari ya Ulaya yana loki maradufu ambayo, gari likishafungwa kwa rimoti, huvifanya hata vitufe na vishikio vya ndani visiitike, na hapo fundi hulazimika kukifungua kitasa chenyewe. Ndani ya silinda ya kitasa mna vibamba vidogo vya shaba vilivyosukumwa na springi, kila kimoja na kina chake, na meno ya ufunguo halisi huvipanga vyote kwa pamoja ili silinda izunguke. Fundi mwenye chombo maalumu huvipapasa kimoja kimoja hadi vipangike. Inahitaji mkono mwepesi na muda, na ndiyo sababu bei yake huwa juu. Ikumbukwe pia kwamba kuufungua mlango hakumpi mtu uwezo wa kuliwasha gari: ufunguo wa kisasa una chipu ndogo isiyohitaji betri ambayo gari huisoma kabla ya kuiruhusu injini, na katika Umoja wa Ulaya kinga ya aina hiyo ni lazima kwa magari mapya ya abiria tangu 1998.

Yote niliyoyaeleza kuhusu subira hufutika ikiwa ndani ya gari kuna mtoto. Hapa naomba nisomwe kwa makini. Kioo huruhusu mwanga wa jua uingie, viti na dashibodi huunyonya na kuugeuza joto, na joto hilo halina pa kutokea. Vipimo vilivyofanywa Marekani vinaonyesha kwamba nje kukiwa na nyuzi 32, kiwango ambacho Mombasa hukifikia kwa kawaida wakati wa kaskazi, ndani ya gari lililofungwa hufika nyuzi 43 kwa dakika 10 na huvuka nyuzi 50 kwa nusu saa. Kuacha kioo wazi kwa upana wa vidole viwili hakupunguzi kitu cha maana. Mwili wa mtoto mchanga hupata joto kwa kasi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima, na joto la mwili likifika nyuzi 40 uhai wake umo hatarini. Mzazi aliyemfunga mwanawe kwenye kiti, akafunga mlango ili azunguke upande wa dereva, na ufunguo ukawa umebaki mkononi mwa mtoto aliyeubonyeza, hana nusu saa ya kumsubiri fundi avuke daraja.

Akiwa mtoto mkubwa kiasi, mwonyeshe kupitia kioo avute kishikio au abonyeze kitufe, na umsemeshe bila kupiga kelele, kwa maana akishaanza kulia hataelewa ishara. Asipoweza, piga 999 au 112, na usimame hapo hapo. Ukimwona ameloa jasho na kulegea, au jasho limekauka na ngozi imewiva, vunja kioo. Chagua kioo cha mlango kilicho mbali naye. Kioo cha mbele kiache, kwa sababu ni tabaka mbili za kioo zilizogandishwa kwa plastiki katikati na hakipasuki kwa urahisi. Vioo vya milango katika magari mengi ni vya aina iliyokazwa kwa joto, ambavyo vikipasuka hugeuka punje butu. Piga pembeni karibu na kona, ambapo kioo ni dhaifu kuliko katikati, kwa kitu kigumu chenye ncha. Dereva yeyote wa tuktuk au matatu aliye karibu ana spana ya magurudumu. Zungushia mkono nguo na ugeuze uso. Mtoto akitoka, mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji na kumpepea, na safari ya hospitali isicheleweshwe kwa sababu tu amefumbua macho. Watu huogopa bei ya kioo. Kioo cha mlango wa gari la kawaida hupatikana dukani siku hiyo hiyo.

Fundi mwadilifu atakuuliza kama gari ni lako, na hilo lisikuudhi. Wa kwetu aliuliza kabla hajashusha vifaa: "Mama, logibuku na kitambulisho viko wapi?" Dada yangu akajibu kwamba vyote vimo mkobani, na mkoba umo ndani ya sufuria. Walikubaliana aonyeshe picha ya logibuku aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu, na kwamba kitambulisho kitatolewa mlango ukifunguka, mbele ya askari wa zamu wa soko. Fundi aliyekuwa tayari kufungua bila kuuliza chochote atakuwa tayari kumfungulia mwingine gari lako.

Gari lililotoka Japani mara nyingi hufika na ufunguo mmoja tu, na huo ndio upungufu wa kuushughulikia wiki ileile unapolitoa bandarini. Wakati ufunguo mmoja unafanya kazi, fundi mwenye kompyuta huweza kuutumia kuliandikisha gari ufunguo wa pili kwa muda mfupi. Ukipotea wote, huenda akalazimika kuingia katika kumbukumbu ya kompyuta ya gari lenyewe, na gharama hupanda sana. Anayenunua rimoti iliyotumika ahakikishe masafa yake yanalingana na ya gari, kwa sababu rimoti ya megahezi 433 haitasikiwa kamwe na gari linalongojea megahezi 315, hata kama zinafanana kwa umbo na nembo.

Hata kabla ya kupata ufunguo wa pili, ndani ya ufunguo janja wenyewe mna kipande cha chuma kinachochomoka ukisogeza kilimi kidogo, na kipande hicho hufungua mlango wa dereva bila betri wala redio. Tundu lake kwa kawaida liko kwenye kishikio cha mlango huo, wakati mwingine chini ya kifuniko cha rangi ya gari ambacho wengi hawajui kuwa kinabanduka. Hakuna kinachokulazimisha kukiacha ndani ya ufunguo: kinaweza kukaa nyumbani, au kwa mtu unayemwamini, au katika pochi ambayo haiwekwi pamoja na ufunguo. Lakini hapa kwetu Pwani kuna tahadhari moja zaidi. Dada yangu alipokibandua kifuniko cha mlango wake jioni ile na kukijaribu kipande kile kwa mara ya kwanza tangu anunue gari, kiliingia nusu na kugoma. Hewa ya chumvi ilikuwa imeifanyia kazi silinda kwa miaka mitatu bila ufunguo kuzungushwa humo hata siku moja, na ukungu wa kijani ulionekana kwenye mdomo wa tundu. Fundi alipulizia kilainishi kikavu, akatuonya tusitumie grisi kwa kuwa hushika vumbi, akakiingiza na kukitoa kipande mara nyingi kwa subira, na mwishowe silinda ikazunguka.